Tshibumba na wachoraji wa mtaani: yapi ya kweli, yapi ya uongo

Avenyu Patrice-Emery Lumumba ni barabara kuu ya Bukavu, na vibao vyake vingi vimechorwa kwa mkono na watu ambao wapita njia hawajui majina yao: kichwa cha kijana aliyenyolewa vizuri mbele ya kinyozi, ng'ombe mnene mbele ya bucha, jino lenye mizizi mbele ya kliniki. Waulize watu kuhusu mafundi hao na hukumu itakuja haraka. Hawakusoma. Wanaiga. Wanawachorea Wazungu. Wanachochora si historia. Maneno hayo ni ya zamani, na wenye diploma wanayarudia sawa na wasio nayo.

Njia ya kuyapima ni kumchukua mchoraji mmoja ambaye habari zake zimehifadhiwa kuliko za wenzake wengi. Kwangu mimi ni Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, kwanza kwa sababu aliongea Kiswahili kama sisi wa Kivu, ingawa chake kilikuwa cha Katanga, na pili kwa sababu aliongea mbele ya kinasa sauti, saa kwa saa, na maneno yake yapo.

Alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, mji uliobadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966. Aliishi kwa brashi, akitembeza picha zake nyumba kwa nyumba. Mwishoni mwa 1973 alifika kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Fabian alinunua, wakaongea, na yule kijana akasema anaweza kuchora historia yote ya nchi. Kati ya mwaka huo na 1974 alileta picha 101, na wawili hao wakakaa kuzijadili kwa Kiswahili, mashine ikirekodi. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996.

"Huyo ni fundi wa vibao tu, si msanii."

Uongo, ingawa ni kweli kwamba wengi walianzia kwenye vibao. Chéri Samba, mchoraji wa Kongo anayejulikana kuliko wote duniani leo, alizaliwa mwaka 1956 Kinto M'Vuila, akaenda Kinshasa mwaka 1972 na kujifunza kazi kwa wachora vibao, kisha mwaka 1975 akafungua karakana yake mwenyewe. Kibao kina sheria kali. Lazima kisomwe na mtu aliye na haraka, tena mwenye mzigo kichwani na jua machoni. Fundi hujifunza mapema umbo kubwa, rangi isiyoona haya, na maneno machache pale pale jicho linapotua. Samba aligundua kwamba mtu akikuta maandishi kwenye picha husimama muda mrefu zaidi, basi akazijaza turubai zake sentensi za Kifaransa na Kilingala. Wapo waliosema picha inayohitaji maelezo ni picha iliyoshindwa. Mwaka 1989 picha hizo zilikuwa Paris, katika maonyesho ya Magiciens de la Terre.

Na hili la kudharau fundi wa vibao halipo kwa wengine. James Rosenquist alipaka mabango ya matangazo New York kabla ya kuhesabiwa miongoni mwa wakuu wa sanaa ya pop ya Marekani. Andy Warhol alichora viatu vya matangazo kwa miaka kadhaa. Hakuna anayewaita mafundi tu. Hata lile la kutosoma halishiki: Chéri Chérin alipita Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, akatoka huko akaenda kupaka kuta za maduka na baa kwa hiari yake.

"Kuchora ukutani tulifundishwa na Wazungu."

Uongo. Mwaka 1926, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliona huko Bukama, Katanga, nyumba za udongo zenye kuta zilizochorwa wanyama, watu na vyombo vya safari. Mchoraji aliitwa Albert Lubaki. Alichofanya Mbelgiji huyo ni kumpa karatasi na rangi za maji ili michoro iweze kusafiri, kwa kuwa ukuta wa udongo hauingii kwenye meli. Karatasi hizo zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, baadaye Geneva na Paris. Mkewe, Antoinette Lubaki, alichora pia, jambo ambalo kwa miaka mingi lilitajwa pembeni tu. Kilichotoka Ulaya hapo ni karatasi, pamoja na soko lake.

"Picha hizi zilichorwa kwa ajili ya Wazungu."

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu leo picha hizo ziko kwa Wazungu. Zile 101 za Tshibumba ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyojulikana kama Tropenmuseum, na mwaka 2017 kazi yake ilionyeshwa kwenye maonyesho ya documenta 14. Mtu akiona hivyo anadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Haikuwa hivyo. Katika miji ya migodi ya Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mnunuzi wa kawaida wa picha alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara: mtu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, karani, mwalimu, mtu wa reli. Picha ilitundikwa sebuleni, juu ya viti, mahali mgeni anapokaa na kutazama. Turubai lilikuwa gunia la unga. Gunia lilifumuliwa, likavutwa kwenye fremu ya mbao, likapakwa rangi ya chini ili kitambaa kisinywe zile zitakazofuata. Ukiigeuza picha ya namna hiyo unaona nyuzi za gunia zilivyo. Kwa nini gunia? Kwa sababu lilikuwepo, na kwa sababu mnunuzi hakuwa na pesa za kitani. Dar es Salaam, mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifanya hesabu hiyo hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, akachukua bodi za ujenzi na rangi ya dukani.

Wanunuzi walikuwa na ladha yao na waliijua. Wapo waliotaka mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye nywele ndefu, anayeleta mali na kudai malipo ya siri; aliuzwa kuliko picha nyingine nyingi. Na wapo waliotaka ile iitwayo Colonie belge. Hii nataka tuitazame kwa karibu.

Katikati yupo mfungwa amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa. Askari mweusi amesimama juu yake, kiboko kimeinuliwa. Pembeni yupo Mbelgiji mwenye kofia ngumu, pengine na kiko mdomoni, akihesabu au akitazama tu. Wafungwa wengine, wamevaa nguo za mistari, wanabeba maji au wanafagia. Mara nyingi wapo wanawake waliokuja na chakula kwa ajili ya waume zao, na bendera ya Ubelgiji inapepea juu ya jengo la serikali. Hakuna anayempiga mwenzake kwa hasira. Kila mtu anafanya kazi aliyopewa. Huo ndio ukali wa picha, na sioni Mzungu gani angeagiza kitu kama hicho ili akitundike ukumbini kwake. Aliyekiagiza ni mtu ambaye baba yake alilala chini hivyo, na ambaye sasa alikuwa na msimamizi mwingine kazini, mweusi safari hii. Mgeni akiingia, mwenye nyumba angeweza kuanza kusimulia. Watu wenyewe waliziita picha hizo ukumbusho.

Kwa hiyo jibu langu ni uongo, isipokuwa jambo moja. Zile 101 zilichorwa kwa sababu Mzungu mmoja alikuwa tayari kununua mfululizo mzima, na jirani wa Tshibumba asingenunua picha 101 hata kama angetaka. Bila Fabian tungekuwa na Colonie belge zilizofifia sebuleni mwa watu, tusingekuwa na historia nzima yenye mwanzo na mwendo. Hilo ni deni, na halifutiki kwa kulalamika.

Soko lile la majirani lilikufa kwa sababu ya kawaida kabisa. Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuzifanya biashara za wageni mali ya Wazairwa, kama Wakongo walivyoitwa wakati ule, na biashara zikavurugika. Bei ya shaba ikaanguka kuanzia 1974. Vita vya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, vikafuata, 1977 na 1978. Mshahara ulipokosa thamani, picha ilikuwa kitu cha kwanza kuachwa.

"Wananakili tu, picha ile ile kila siku."

Kweli, na sioni aibu yake. Mteja alikuja akisema anataka kama ile ya jirani. Mchoraji alirudia, lakini hakurudia kwa karatasi ya kupigia chapa: bendera ilihama, askari aliongezeka, mwanamke mmoja alipata mtoto mgongoni. Seremala akitengeneza kitanda cha ishirini hatumwambii ananakili.

"Alimchora Lumumba kwa siri, maana Mobutu alikataza."

Uongo kwa sehemu kubwa, na uongo huu unasambaa kwa sababu ni mtamu: mchoraji, mshumaa, mlango umefungwa. Ukweli ni kwamba mwaka 1966 Mobutu mwenyewe alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Mtu aliyehusika kumwangusha aliamua kurithi jina lake. Picha ya Lumumba, miwani yake, suti yake, tai yake ya kipepeo, haikuwa kosa. Hatari ilikuwa kwingine. Katanga ilijitenga kati ya 1960 na 1963 chini ya Tshombe, Lumumba aliuawa katika ardhi hiyo, na miaka kumi baadaye Tshibumba alikuwa anauza picha za kifo hicho katika mji ambao watu wa pande zote mbili walikuwa bado hai, wanakunywa kwenye baa moja. Kumchora Lumumba akitoa hotuba ya tarehe 30 Juni 1960 kulikuwa salama. Kuchora nani alisimama wapi usiku wa 17 Januari 1961 kulihitaji akili nyingine.

"Picha zake ni historia ya kweli."

Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa ndiyo na kwa hapana, na waliojibu wote walikuwa na hasira. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Hakujiita mpambaji, wala hakusema anachora hisia zake. Alianza na mababu, akaja kwa Diogo Cão, kwa Stanley na Léopold wa pili, kwa Simon Kimbangu, kwa wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Élisabethville Desemba 1941, akashuka hadi uhuru, kujitenga kwa Katanga na utawala wa Mobutu, tena akaendelea mpaka siku ambazo zilikuwa hazijafika. Maneno aliyoandika juu ya turubai yalikuwa ya Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali. Maelezo aliyotoa kwa mdomo yalikuwa ya Kiswahili, na hayo ndiyo marefu, yenye mabishano, yenye kujisahihisha.

Ukimpima kwa tarehe, anakosea. Mengi aliyoyachora hakuyaona; siku ya uhuru alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Aliyapata shuleni, redioni, magazetini, kwa wazee.

Mfano mzuri ni kifo cha Lumumba. Serikali ya Katanga ilitangaza Februari 1961 kwamba Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walitoroka wakauawa na wanakijiji. Tshibumba hakufuata hadithi hiyo. Anatuonyesha maiti zimelala chini, na nyuma yake misalaba mitatu, kama ile ya Golgotha. Je, ni kweli? Misalaba haikuwepo. Maiti pia hazikubaki hivyo: leo inajulikana kwamba zilikatwa na kuyeyushwa kwa asidi, na kilichobaki cha Lumumba ni jino, ambalo Ubelgiji ililirudisha mwezi Juni 2022. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji ulikuja karibu miaka thelathini baada ya brashi ya Tshibumba. Kwa hiyo alikosea mwili. Hakukosea kwamba lile tangazo la wanakijiji lilikuwa uongo, na hakukosea kwamba watatu hao waliuawa kwa ajili ya jambo kubwa kuliko wao. Misalaba ni hoja yake. Mwanahistoria wa chuo angeiandika kwenye sura ya mwisho kwa aya tatu na tahadhari nyingi. Yeye aliiweka nyuma ya maiti, mahali ambapo hata asiyejua kusoma anaiona.

Ndiyo maana nakataa kumpa alama za kweli au uongo picha kwa picha, kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Ukitaka kujua nini kilitokea Januari 1961, soma ripoti. Ukitaka kujua watu wa Lubumbashi walikuwa wameelewa nini mwaka 1973, wakati ripoti haikuwepo na serikali ilikuwa inawaimbisha, ripoti haitakusaidia.

"Mobutu alimuua Tshibumba."

Hakuna ushahidi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuonekana tena, na waliomtafuta hawakumpata. Katika Zaïre ya wakati ule, kijana bila mshahara aliweza kupotea kwa njia nyingi ambazo hazikuhitaji amri ya rais.

"Hayo ni mambo ya Kinshasa na Lubumbashi. Bukavu haina lake."

Hili linaniuma kuliko mengine kwa sababu linasemwa na watu wa hapa. Hesabu tu mambo yaliyopita kwenye mji huu ulioitwa zamani Costermansville. Agosti 1964 waasi walifika mpaka ndani ya mji, na Kanali Léonard Mulamba akawarudisha. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliukalia kuanzia Agosti hadi Novemba, wakaondoka kwa kuvuka mto Ruzizi kuingia Rwanda. Oktoba 1996 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa hapa. Mwaka 2004 wanajeshi waasi wa Nkunda na Mutebusi waliuteka. Mwaka 2018 daktari wa hospitali ya Panzi alipewa Nobel ya Amani. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia. Tshibumba angepata hapa picha mia nyingine bila kuhamisha fremu.

Wachoraji tunao. Mkono uliochora jino lile la kliniki, ukiwa na kivuli sahihi chini ya kila mzizi, unaweza kuchora daraja la Ruzizi na safu ya mamluki juu yake. Wapo pia wanaofanya kazi kwa vitu vingine kabisa: Nicole Menemene anachukua takataka za plastiki, zile zile zinazokusanyika Ziwa Kivu na kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, na kutengeneza vikapu, viti na mapambo. Kinachokosekana ni kile kilichokosekana Katanga baada ya 1974, mnunuzi mwenye ukuta na mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Anayenunua sasa Bukavu mara nyingi ni shirika, na shirika linataka ukuta unaosema nawa mikono, linda mtoto, pinga ubakaji. Ni ujumbe wa haki, na umelisha wachoraji wengi, sitaubeza. Lakini hakuna shirika lililowahi kuagiza Colonie belge.

Bado kuna ya kusikiliza wakati tunasubiri. Mazungumzo ya Tshibumba na Fabian yamewekwa kwenye intaneti katika hazina iitwayo Archives of Popular Swahili, kwa Kiswahili kile kile walichoongea. Mtu wa Kadutu au Bagira hapa Bukavu atayafuata kwa urahisi kuliko profesa wa Ulaya, na pale Tshibumba anapokosea atamkatiza, kama ambavyo jirani yake angefanya.